Ajali Hii Ina Kinga

Muulize mfanyabiashara yeyote wa Mombasa amejiandaaje iwapo maradhi kama korona yatarudi. Wengi watakujibu kwa neno moja: ajali haina kinga. Methali hiyo imetufaa kwa mengi, lakini hapa inatudanganya, na tunaipenda kwa kuwa inatuondolea lawama. Yapo maduka yaliyofungwa mwaka 2020 ambayo hayajafunguliwa hadi leo, na wenyewe wanaitaja korona. Mimi nasema mengine yalikuwa yameshakufa siku nyingi, yakingoja tu mwenyewe azuiwe kufika.

Tarehe 6 Mei 2020 serikali iliufunga Mji wa Kale, hakuna kuingia wala kutoka. Ilikuwa Ramadhani imefika kati, msimu ambao muuza kanzu na viatu vya watoto huungoja mwaka mzima. Idd ikapita, Juni ikaingia, vizuizi bado vipo. Sasa chukua mfano wa mtu anayekaa Mji wa Kale na duka lake la vyakula liko Changamwe. Changamwe hakukufungwa. Kijana aliyemwajiri anakaa huko huko, wateja wapo, unga unatakiwa kila siku. Lakini ufunguo wa stoo uko mfukoni mwa tajiri. Simu ya till iko naye, na namba ya siri anaijua yeye peke yake. Nani anadaiwa, kiasi gani, muuzaji wa jumla anampa mchele kwa bei gani, yote yamo kichwani mwake. Mwezi mzima duka hilo halifunguki kwa sababu mtu mmoja hawezi kutoka mtaani kwake. Korona imekosa nini hapo?

Ukichimba zaidi utagundua kwamba tatizo hata si uvivu. Ni hofu. Tumefundishwa kwamba ukimwonyesha mfanyakazi siri za duka atakuibia, na ukimwonyesha mke ataanza kukuhesabia. Basi mtu anabeba biashara nzima kichwani, akiita huko ndiko kuwa mwangalifu. Ni wajane wangapi wamejua madeni ya duka siku ya matanga, tena kutoka kwa wanaodai? Waliokuwa wakidaiwa hunyamaza, maana hakuna maandishi. Wizi wa mfanyakazi unaweza kukupunguzia faida, lakini duka lisiloweza kupumua bila wewe litakufa nawe, liwe limepigwa na maradhi au limepigwa na lori.

Sisemi kila aliyefunga alifanya uzembe. Hoteli ya Watamu iliyokuwa ikiishi kwa wageni wa Italia isingeweza kuwaleta kwa maandishi yoyote, maana ndege za abiria kutoka nje zilisimama kuanzia 25 Machi hadi 1 Agosti 2020. Mama aliyekuwa akiuza viazi karai usiku naye alikatizwa na kafyu iliyoanza saa moja jioni. Hao walistahili msaada, si mawaidha.

Lakini wewe mwenye duka la rejareja, la dawa, la vipuri, usijifiche nyuma yao. Mpango wa dharura unaoambiwa ni wa mabenki unaingia katika daftari la shule. Andika unaowadai na wanaokudai. Andika namba za wauzaji wa jumla wawili, wasiochukua mzigo njia moja. Weka kando kodi ya miezi miwili kidogo kidogo, hata ikichukua mwaka. Na kama wafanyakazi ni wawili au zaidi, panga tangu sasa nani atashika zamu ipi, ili mmoja akipelekwa karantini siku 14 wasiende wote.

Wala usidhani ni habari za zamani. Julai 2024 Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mpox pale Taita Taveta, mpakani, na Agosti 14 Shirika la Afya Duniani likautangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya kimataifa. Kutoka Taveta hadi Mombasa ni safari ya saa chache.

Leo usiku ukifunga duka, usiende nyumbani moja kwa moja. Kaa na mtu mmoja unayemwamini, umwonyeshe daftari, umkabidhi ufunguo wa pili. Kesho usiende. Mwache afungue yeye, uone ni wapi atakwama.