Mabehewa ya Kamina
Katika stesheni ya Kamina, nchini Kongo, njia za reli zinagawanyika: moja inakwenda Lubumbashi, nyingine Ilebo, ya tatu Kabalo hadi Kalemie. Kijana wa hapa anayejifunza kuandika programu hana haja ya mfano wa mbali, atazame mabehewa. Kila moja lina sifa zake: namba, mzigo, mwisho wa safari. Lakini upana wa reli, milimita 1,067, ni wa mabehewa yote. Katika lugha ya Python, upana huo huandikwa mara moja kwenye klasi, yaani kiolezo cha mabehewa yote. Namba na mzigo huandikwa ndani ya __init__, sehemu inayoendeshwa behewa linapoundwa, kwa self, yaani behewa lenyewe, ili kila behewa lizaliwe na vyake. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza, nami nalisisitiza kwa kuwa kosa lenyewe liko kimya: ukiweka orodha tupu ya mizigo kwenye klasi, mabehewa yote yatachangia orodha hiyo moja. Unapakia gunia la mahindi katika behewa la Ilebo, na lile la Kalemie nalo linaonekana limebeba. Programu haisimami wala haitoi onyo. Inasema uongo tu. Kuanza na vitu halisi hivi si jambo jipya: Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norwei, waliounda lugha ya Simula miaka ya 1960, walitaka kuiga mambo halisi ndani ya kompyuta. Basi, walimu wa Kamina, wapelekeni wanafunzi stesheni kwanza, ndipo mfungue kompyuta.