Video ya mahafali ikiungua na jua

Dada yangu alinipigia Jumapili usiku, sauti imekauka. Mahafali ya chekechea ya mwanawe yalifanyika mwaka jana, saa sita mchana, uwanjani. Mama yetu alimvisha mjukuu shada, na dada akarekodi kwa simu. Februari mama akatutoka. Sasa dada kaifungua ile video na kukuta nyeupe pe.

Simu ilidanganyika. Mtoto alivaa joho jeusi na kujaza kioo chote. Simu ikaona giza, ikaongeza mwanga, jua likamalizia kazi.

Mzazi mwenzangu, yakikukuta haya usifute. Na usirekebishe ile iliyopita WhatsApp, maana huko video hubanwa na kupoteza mengi. Dada alinitumia hiyo, nikamrudishia. Nilitaka ile iliyomo kwenye simu iliyorekodi, itumwe kama dokumenti. Nikatoa nakala, ya asili nikaiweka kando.

Nilitumia CapCut. Kosa la wengi, hata mimi zamani, ni kukimbilia kupunguza mwangaza wa video nzima. Weupe unageuka rangi ya jivu na nyuso zinazama gizani. Anza na hailaiti, yaani sehemu zinazong'aa tu. Ishushe polepole huku ukitazama uso, si mawingu. Kisha punguza mwanga wa jumla kidogo, na mwisho ongeza rangi kidogo kwa sababu jua huzifubaza. Mtoto alipoingia kwenye turubai mwanga ulibadilika, kwa hiyo niliikata video hapo, kila kipande nikakirekebisha peke yake.

Kanga ya bluu ya mama ilirudi. Mtandio wake mweupe haukurudi, wala shavu lililoelekea jua. Palipokuwa peupe kabisa kamera haikuhifadhi kitu, na ukishusha mwanga hapo unapata doa la kijivu tu. Atakayekuahidi kurudisha kila kitu, huyo anakuchorea sura mpya. Nilimwambia dada tuigeuze iwe nyeusi na nyeupe, kasoro zijifiche. Akakataa, anaitaka kanga. Basi nikaacha shavu liwake, na pale mama anapogeukia kivulini nikapunguza kasi ili aonekane kwa sekunde chache zaidi. Dada ameitazama mara tatu, akasema mtandio si wenyewe, ila mama ni yeye.

Mahafali ya mwaka huu yanakaribia. Ukifika, jipange jua liwe mgongoni mwako. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka mwanga ujifunge. Simu nyingi huonyesha alama ya jua pembeni, ivute chini mpaka shati jeupe lianze kuonyesha mikunjo yake. Video ikionekana na giza kidogo, iache hivyo. Giza kidogo nyumbani tunaliongezea mwanga.