Usiniambie Ni Chuma Tu

Mtu anapoagana na gari yake kuukuu, watu wa mjini kwetu humwambia maneno mawili. La kwanza ni "Mungu atakupa nyingine". La pili ni "hicho ni chuma tu". La kwanza ni dua, naitikia amina. La pili ni uongo, na wanaolisema wanajua. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, hao hao waliwalilia waliofariki, kisha wakalilia na jengo. Sikumsikia hata mmoja akisema "hayo ni mawe tu".

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Mlango wa nakshi una mamlaka ya kuulinda na wageni wa kuupiga picha. Lakini mlango ni ubao. Tumekubaliana kwamba ubao ule umebeba jina la mwenye nyumba, mkono wa fundi na biashara ya bahari nzima, na tumekubaliana vizuri. Ninachouliza ni nani aliyeamua kwamba kumbukumbu ya Unguja iishie kwenye mali ya masultani na matajiri wa karafuu.

Ami yangu, muuza vitambaa wa Darajani, alikuwa na Toyota Celica ya 1994: nyekundu, milango miwili, taa nne za duara mbele. Aliinunua mtumba mwaka 2004. Watu walimcheka. Gari ya mbio kwenye kisiwa chenye urefu wa kilomita 85 hivi! Barabara ya Paje ilipopita Jozani, matuta yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe yaliikwaruza tumbo kila safari. Ami alishuka, akachungulia chini, akapanda tena, akaendelea.

Lakini hakuwa mjinga. Alikulia katika miaka ambayo redio ilitangaza Safari Rally, na kati ya 1984 na 1995 Celica ilishinda mashindano hayo mara nane. Mwaka 1994 aliyeshinda nayo alikuwa Ian Duncan, dereva wa Kenya. Kwa kijana wa Ng'ambo, jina lile lilikuwa na maana ya tope letu, vumbi letu, na mtu wa huku kwetu aliyewatangulia mabingwa wa Ulaya. Ami alinunua kipande cha hadithi hiyo kwa faida ya mitumba ya vitenge. Mnaoiita anasa, niambieni mlango wa nakshi uliwekwa kwa sababu gani kama si hiyo hiyo.

Kwa miaka 20 gari ile ilibeba maharusi wa mtaa mzima, shela zikikunjwa kama matanga ili zipite kwenye mlango mmoja. Chumvi ya bahari ilipoanza kuila, fundi wake aliziba matundu kwa faiba ile ile wanayozibia boti. Taa za nyuma zilipopasuka na za dukani zikakosekana, alikata plastiki ya ndoo nyekundu, akaipasha moto, akaikunja mpaka ikakaa. Sijaona kitabu kinachofundisha hayo. Yalikuwa mikononi mwake.

Mwaka jana injini ilikataa kabisa. Nilirudi kutoka chuoni nikakuta uwanja mtupu.

"Ami, umeiuza?"

"Nimeiuza, mwanangu."

"Kwa shilingi ngapi?"

"Kwa kilo."

Gari ya kilo 1,200 hivi ilipimwa kwenye mizani pamoja na mabati na fremu za baiskeli.

Najua mtakachosema. Gari kuukuu inatoa moshi. Breki zake haziaminiki. Vipuri vyake vinamaliza pesa ya ada za watoto. Yote ni kweli, wala sidai Celica ile ibaki barabarani. Uzee ni uzee, na kisiwa kidogo hakiwezi kuwa makaburi ya magari. Ugomvi wangu ni juu ya namna ya kuagana. Maiti tunaiosha, tunaisindikiza, tunaitaja kwa jina. Kitu kilichotubeba miaka 20 tunakipima kilo, na anayesikitika tunamwambia asiwe mtoto.

Tumeshawahi kufanya kosa hili, na kwa hasara. Mitepe, majahazi ya pwani yetu yaliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ilibeba mizigo kwa karne nyingi. Ilikuwa vyombo vya kazi, hivyo hakuna aliyeona haja ya kuhifadhi hata kimoja, na katika karne ya 20 ikatoweka. Mwaka 2003 ikabidi kuunda mtepe mwingine, ukapewa jina Shungwaya, ili uonyeshwe Beit al-Ajaib. Ilibidi kutegemea modeli na picha, kwa kuwa mafundi wa kuulizwa walikuwa wameshakufa. Naamini siku za mwisho za mitepe nako kulikuwa na mtu mwenye busara aliyesema "hizo ni mbao tu".

Sisi vijana tuliosoma tuna lawama kubwa zaidi. Ninasomea uzamili wa historia. Nimekaa kwenye semina tukijadili nyaraka za mabalozi wa karne ya 19 ukurasa kwa ukurasa, na fundi aliyekunja plastiki ya ndoo anaishi mwendo wa dakika 10 kutoka pale. Hakuna anayemfuata kwa daftari. Tunasubiri afe, kisha tuombe ufadhili wa kutafiti "ufundi uliopotea".

Sihitaji jumba la makumbusho ndipo nianze, wala wewe huhitaji. Kabla gari la vyuma chakavu halijafika kwenu, andika namba ya usajili, mwaka ilipoingia, nani aliiuza na nani aliinunua. Piga picha kila kiraka. Kaa na fundi, washa simu irekodi, umuulize kila kiraka alikiweka lini, kwa kitu gani, na nani alimfundisha. Mwenye gari akinyamaza katikati ya maelezo, mwache anyamaze. Halafu mfungulieni geti mwenye mizani.