Tamko Kuhusu Mafunzo ya Misingi ya Kompyuta kwa Waandishi wa Programu

Sisi waandishi wa programu wa Voi na Kaunti ya Taita Taveta, kwa kauli moja kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa vyuo na kwa mamlaka zinazosimamia elimu.

1. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na sekondari. Chama kinaupongeza uamuzi huo. Hata hivyo, imeenea kauli kwamba mwandishi wa programu hana haja tena ya kujua yanayotendeka ndani ya kompyuta, yaani biti, kumbukumbu na kichakataji, kwa kuwa lugha za kisasa na akili mnemba zinamtosha.

2. Historia yetu inasema vingine. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007 ikiwa menyu ndani ya kadi ya SIM ya simu, mahali penye kumbukumbu finyu mno. Kwa sababu hiyo, mkulima wa Taveta na mchimbaji wa vito wa Kasigau waliweza kutuma pesa kwa simu ya bei nafuu isiyo na intaneti. Kazi hiyo haifanywi na asiyejua mipaka ya kifaa anachokiandikia.

3. Gharama ya kutojua nayo inafahamika. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliteketea kabla ya dakika moja kupita tangu iruke, kwa kuwa namba ya biti 64 ililazimishwa kuingia katika nafasi ya biti 16. Hapa nyumbani, senti kumi ikiandikwa kama desimali ya shilingi, kompyuta inayohesabu kwa sifuri na moja haiwezi kuihifadhi kikamilifu. Asiyejua hilo akikabidhiwa hesabu za chama cha akiba na mikopo, kasoro ndogo hujilimbikiza kimyakimya katika jasho la wanachama.

4. Mombasa hunywa maji ya chemchemi ya Mzima, iliyomo katika kaunti hii. Anayefungua bomba halazimiki kujua maji yalikotoka. Fundi wa maji analazimika. Mwandishi wa programu ni fundi.

5. Chama hakidai kwamba kila mtu aandike lugha ya mashine kila siku, wala hakimfungii mlango kijana aliyeanza kwa kutengeneza tovuti. Aanzie popote, ila asiishie juu juu. Akili mnemba huandika upesi, lakini anayewajibika kwa kilichoandikwa ni mtu, na hakuna awezaye kuwajibikia asichokielewa.

6. Kwa hiyo, chama kimeazimia yafuatayo:

(a) Kuviomba vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Taita Taveta, viyalinde masomo ya misingi ya kompyuta na kuyafundisha kwa vitendo, vifaa vikiwa mikononi mwa wanafunzi.

(b) Kuzitaka mamlaka za elimu ziwaandae walimu wa misingi hiyo kabla ya kuongeza idadi ya wanafunzi.

(c) Kuwataka wanachama wote wawafundishe chipukizi wanaofanya kazi chini yao, bila malipo.

7. Chama kiko tayari kushauriana na kila mhusika kuhusu njia ya kuyatekeleza haya. Kuhusu wajibu wenyewe, msimamo wetu haubadiliki: anayeaminiwa na fedha, afya na taarifa za watu sharti akijue chombo anachokitumia.

Limetolewa Voi, kwa niaba ya wanachama wote.