ULIMI WA KUKODI

Ndugu Waislamu, uongo ni dhambi ya kale. Linalopasa kututia hofu leo ni kuwa umekuwa ajira yenye ujira.

Mwaka 2021 watafiti wa taasisi ya Mozilla walichunguza kampeni za kisiasa nchini Kenya wakati wa mjadala wa BBI. Walibaini vijana waliokuwa wakilipwa kiasi cha dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku katika Twitter. Maelekezo yalikuja kwa WhatsApp, malipo kwa M-Pesa. Nasi hatukusalimika: Desemba 2021 Twitter ilitangaza kuziondoa akaunti 268 za Tanzania, zilizotumika kupeleka mashitaka ya hila dhidi ya wafuasi wa FichuaTanzania.

Wako wanaosema, basi wenye mitandao watatulinda. Hoja hii haisimami, kwani mlinzi huyo hubadilika kwa kadiri ya maslahi ya mwenye mali. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter, ambayo sasa ni X. Baada ya hapo alama ya buluu, iliyokuwa ushahidi wa utambulisho, ikawa bidhaa ya kununuliwa. Na mwaka 2023 baadhi ya walioinunua wakaanza kugawiwa mapato ya matangazo. Hivyo mchochezi aliyekuwa akimsubiri mwanasiasa amlipe, sasa aweza kulipwa na mtandao wenyewe.

Aidha, kufunga mlango mmoja hakutoshi. X ilipozuiwa nchini Mei 2025, maneno yalihamia kwingine. Mkulima wa mahindi Handeni na kibarua wa mkonge Korogwe huenda hawana akaunti ya X, lakini uvumi huwafikia kwa WhatsApp, bila jina la aliyeuandika wala aliyeulipia. Na humo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ujumbe. Tangu 2019 imeweka ukomo wa kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja. Na ule uliokwisha kupita mikono mingi huwekewa mishale miwili. Zaidi ya hapo, mlinzi ni mpokeaji.

Naam, Suratul Hujuraat, aya ya 6, imekwisha kutuamrisha kuichunguza habari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Basi uonapo mishale ile miwili, jiulize: nani kasema, nani kalipa, na nani atadhurika? Usipopata jawabu, usisambaze. Mwenye kukodi ulimi amelipwa. Wewe wausambaza uongo wake bure, na dhambi ni yako.

Wabillahi tawfiq.