Mgonjwa na Aulizwe

NENO LA JUMA
Na Hamisi Nduwimana

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nao walisema kweli, kwa kuwa mtu aliyelala hoi hana haja ya kushauriwa kama ataka kulishwa. Lakini nathubutu kunena kwamba hekima hiyo yageuka dhuluma pale saratani iliyodhaniwa imekwisha inaporejea, na jamaa wakakata shauri la matibabu mapya pasi na kumsikiliza yule ambaye mwili wake ndio utakaoyabeba.

Nimelishuhudia jambo hili hapa kwetu Kibenga, Bujumbura, katika nyumba isiyo mbali na ziwa, ambako wana na wakwe walikutana sebuleni kukadiria thamani ya kiwanja na kugawana michango ya kumpeleka mama yao India, baada ya saratani ya titi kurudi na kuonekana katika ini, ilhali mama mwenyewe, mwenye akili timamu, alikuwa chumba cha pili akizisikia sauti zao bila ya kuitwa. Mapenzi yao siyatilii shaka hata kidogo. Lakini mdogo wake alipoingia kumtaka rai, mama alijibu kwamba ataka kwanza kujua dawa hiyo itampa nini: kupona, au muda, au nafuu tu; na swali hilo hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwuliza tabibu.

Ziko saratani ambazo hata zikirudi zaweza kuponywa, na hapo ni wajibu kumtia mgonjwa moyo aendelee. Lakini ziko nyingi, hasa zilizokwisha kuenea katika ini, mapafu au mifupa, ambazo chembe zake zilizosalimika na dawa za kwanza zimekuwa sugu, hata tiba ikawa ya kuzichelewesha tu, na kuchelewesha huko hakuna budi kuwekwe mizanini pamoja na udhaifu, deni, na siku za ugenini. Kwa mtu wa Bujumbura, aliyezoea kuifuata tiba ya mionzi Kigali au Kampala, mizani hiyo ni nzito zaidi, kama walivyojua waliokuwa na miadi Rwanda wakati serikali yetu ilipoufunga mpaka wa nchi hizo mbili, mwezi wa Januari 2024.

Wala mali haiondoi swali hili. Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa Safaricom nchini Kenya, alikwenda Uingereza Oktoba 2017 kutibiwa saratani ya damu, akarejea kazini Julai 2018, akaendelea kutibiwa katika hospitali mbalimbali, na maradhi yalipomzidi akafia nyumbani kwake Nairobi tarehe 1 Julai 2019.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba anayeacha dawa ya saratani ameacha kutibiwa, kwani kutuliza maumivu nako ni tiba. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2010, juu ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea, ulibainisha kwamba waliopewa tangu mapema matunzo ya kutuliza maumivu na dhiki, pamoja na tiba ya kawaida, walipungukiwa na huzuni, wakatumia kwa uchache zaidi dawa kali za mwishoni, na juu ya hayo muda wao wa kati wa kuishi ukafika miezi 11.6, ilhali wa wenzao ulikuwa 8.9. Wala jambo hili si la matajiri peke yao, kwani huko Uganda daktari Anne Merriman aliasisi mwaka 1993 Hospice Africa Uganda, ambayo mofini yake ya maji, ichanganywayo nchini kwa gharama ndogo, huwafikia wagonjwa mpaka majumbani, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa wameruhusiwa kuiandika.

Basi nawasihi wenye mamlaka ya afya waifanye mofini na muuguzi wa nyumbani kuwa haki ya kila tarafa. Na nawasihi jamaa, kabla ya kuchanga faranga moja, waketi na mgonjwa mbele ya tabibu, waulize makusudio ya tiba, madhara yake, na yatakayotokea isipotolewa, kisha wamwachie yeye neno la mwisho. Akisema aendelee, kiwanja na kiuzwe. Akisema imetosha, atiiwe, na asiwepo ndugu wa kumwita mwenye kukata tamaa.