Mgeni Akija Kijiweni, Kwa Nini Tunampa Mshenzi?

Leo najichoma mwenyewe, maana kosa nililifanya mimi.

Huku kwetu Boko tuna kijiwe cha gemu la mezani, lile la Dungeons & Dragons. Kama hujawahi kuliona, iko hivi: mtu mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, halafu dadu linaamua kama panga lako limempata adui au limekata upepo.

Jumapili moja akaja mshkaji mgeni, simtaji. Katoka mkoani, hana hata miezi mitatu mjini, anapiga bodaboda. Mimi fasta nikampa karatasi ya yule anayeitwa babariani. Nikamwambia, "Chukua huyu, hana mambo ya kusoma sana, kazi yake kupiga tu." Akauliza, "Babariani ndio nini?" Mmoja wetu akadakia, "Mshenzi." Kicheko.

Jamaa alicheza kimya mpaka mwisho. Wakati anawasha pikipiki ndio akaniuliza, "Kwa hiyo mlinipima mkaona nafaa kuwa mshenzi?"

Sikuwa na jibu. Na mimi mwenyewe nimeishia fomu foo, sijui nilijiona profesa wa nini.

Nikarudi kuchimba huyu babariani katokea wapi. Gemu lilipotoka 1974 hakuwepo. Gary Gygax, mmoja wa waliolitunga, alimleta mwaka 1982 kwenye jarida la Dragon, kisha akamuweka kwenye kitabu cha mwaka 1985. Wa kipindi kile alikuwa anachukia uchawi kiasi kwamba akivunja kifaa cha kichawi anaongezewa pointi. Mwaka 2000 akaja upya, safari hii na silaha yake kuu: mori. Akipandwa na mori nguvu zinaongezeka, anakuwa hashikiki. Safi kabisa. Ila kwenye kitabu hichohicho, kati ya wahusika wote, yeye peke yake ndiye asiyejua kusoma na kuandika. Akitaka kujua lazima alipie pointi 2. Wengine wote bure!

Hapo ndipo niliposhtuka. Maana baba wa hawa mababariani wote ni Conan, wa mwandishi Robert E. Howard. Kwenye hadithi yake ya kwanza kuchapwa, mwaka 1932, unajua tunamkuta anafanya nini? Tayari ni mfalme, amekaa mezani na kalamu, anajazia ramani za nchi za kaskazini ambazo wasomi wa mjini hawazijui. Sasa nani alimnyang'anya kalamu?

Kwa bahati nzuri waliotengeneza gemu walishtuka kabla yangu. Toleo la mwaka 2014 halina tena hiyo habari ya kutokusoma. Mori ukipanda, panga la kukutoa pointi 10 linakutoa 5. La mwaka 2024 likaenda mbele zaidi: mori unamsaidia hata kunyata na kunusa hatari, sio kupiga tu. Kwa maoni yangu huyu ndiye babariani bora kuliko wote, kwa sababu moja. Zamani walianza na alichokosa. Sasa wanaanza na alichonacho.

Jina tu ndilo limebaki na harufu. Wagiriki waliwaita hivyo watu ambao lugha yao waliisikia kama "bar bar". Na sisi tusijifanye wasafi, maana pwani hii hii waungwana waliwaita watu wa bara washenzi. Mpaka leo angalia vichekesho vyetu. Kuna mchekeshaji mmoja, mnamjua, kila akiigiza mtu wa kuja lazima awe mlinzi, lazima akosee Kiswahili, lazima ashangae lifti. Tunacheka, halafu kesho tunamtafuta huyo huyo mtaani.

Ukitoka Mwenge kuja Boko unapita Lugalo. Wengi tunajua ni kambi ya jeshi, basi. Lugalo yenyewe iko Iringa. Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliwavizia Wajerumani pale, mikuki dhidi ya bunduki, na kamanda wao Zelewski akauawa. Wajerumani waliwaona washenzi. Lakini kuvizia jeshi zima sio hasira, ni hesabu: ujue njia watakayopita, ulaze watu wako kimya, usubiri ishara. Mori ulikuja mwishoni, akili ilitangulia. Tena Mkwawa huyohuyo alikuwa na ngome ya mawe pale Kalenga.

Najua kuna watakaosema, "Acha kukuza mambo, ni gemu tu." Sawa. Na sikatai mhusika kuwa na mapungufu, mapungufu ndiyo yanaleta utamu. Kama mtu anataka kucheza asiyejua kusoma, acheze. Ila achague yeye. Asipangiwe na mimi kwa kuangalia ndala zake.

Nilimtafuta jamaa, nikamuomba radhi, nikamwambia achague mhusika yeyote. Unajua alimchagua nani? Babariani yule yule! Ila jina akalifuta, akaandika "Mwenye Mori". Raundi ya kwanza hakupiga mtu. Aliomba ramani, akauliza maadui watapita wapi, akachimba shimo njiani. Sisi "wasomi" tulikuwa tumeshakimbilia mlango wa mbele, wawili tukafa.

Ndiye aliyetuokoa waliobaki.

Haya wadau, tiririkeni hapo chini: wewe ulishawahi kupangiwa mtu wa kuwa kabla hujafungua mdomo?